Kura Niliyoikalia

Kengele ya kura ilipoanza kulia nilikuwa maktaba ya Bunge, nimeikalia mikono yangu. Sisemi kwa mafumbo. Niliitia chini ya mapaja nikaikalia, mikono mipana ya mchimba makaa yenye makovu ya bluu, kwa sababu niliiogopa. Niliona itashika kitasa cha mlango na kukizungusha bila idhini yangu. Kengele ile hulia dakika sita, kisha milango ya ukumbi wa kura hufungwa, na ambaye hajapita hana kura.

Tom Raistrick, mnadhimu wa chama chetu, aliingia akihema.

"Bulmer, umekaa?"

"Nimekaa."

"Ni kifungu cha vumbi hicho kinachopigiwa kura. Cha kwenu. Cha kaka yako."

"Najua ni cha nani."

"Basi inuka, bwana."

"Nimefungwa na Wharram."

Tom alimtaja Wharram kwa neno ambalo sitaliandika hapa. "Yule anakufa, Seth. Maiti hamdai mtu."

"Bado hajafa."

Alitazama saa ya ukutani, akanitazama mimi, akatoka mbio. Aliuacha mlango wazi, na kengele nikaisikia vizuri zaidi.

Pale Bungeni palikuwa na desturi ambayo haikuandikwa popote. Mbunge akiugua, alimtafuta mmoja wa upande wa pili wakapeana mkono: mimi sitapiga kura, nawe usipige, mpaka nipone. Hakukuwa na karatasi wala shahidi. Ukivunja hakuna wa kukushtaki, ila hakuna atakayekupa mkono tena mpaka unaingia kaburini. Njia ya kutoka ilikuwa moja tu: mwenzako akufungue kwa hiari yake. Mwenzangu mimi alikuwa Sir Evelyn Wharram.

Akina Wharram tuliwajua kwetu Hesleyburn, kaskazini mwa Uingereza, kama tulivyoijua mvua. Jumba lao lilikuwa juu ya kilima, mgodi ulikuwa bondeni, na kila tani ya makaa iliyotoka chini ya miguu yetu ilikuwa na fungu lao. Nilipokuwa na miaka sita, paa la mgodi lilimwangukia baba yangu. Nyumba tuliyokaa ilikuwa ya mgodi, na mgodi haukuwapa wajane nyumba. Mama akapanda kilima kwenda kuomba tusitolewe. Alipokelewa mlango wa jikoni, akasimamishwa pale mchana kutwa, mwisho akaambiwa bwana mkubwa ameenda kuwinda, akapewa chungu cha supu. Alikibeba mpaka chini. Alipofika mbele yetu, sisi ambao hatukuwa tumekula tangu jana yake, aliimwaga ile supu mtaroni.

"Sikilizeni," alisema. "Mtoto wa Bulmer haombi kitu kwa Wharram. Hata maji."

Kaka yangu Amos alikuwa na miaka kumi. Miaka miwili baadaye aliingia mgodini ili tupate tena nyumba. Mama yangu nilimpenda maisha yangu yote, na katika yote aliyoniachia, neno lile ndilo lililonigharimu zaidi.

Kisha vita vikaja, na Evelyn Wharram akaja kuwa kapteni wetu. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu, na sharubu iliyokataa kuota. Vijana wa Hesleyburn walisema amesahau kupangusa vumbi la makaa juu ya mdomo. Hatukumpenda, ila alikuwa na tabia moja iliyotusumbua: alikula mwisho. Chakula kilipoletwa alisimama kando na sahani yake mpaka mtu wa mwisho apate, na mara mbili nilimwona akirudi na sahani tupu, akipiga mluzi. Wakati ule nilishakuwa sajini, na kazi yangu ilikuwa kumchukia kwa adabu. Kwa tabia ile alianza kuifanya kazi hiyo kuwa ngumu.

Asubuhi moja ya vuli, mwaka wa 1917, kule Flandria, Ubelgiji, walitupiga kwa makombora ya gesi. Tulikaa na barakoa saa tatu nzima. Kisha upepo ukaja, ukungu ukaondoka, na juu ya handaki tukaona anga safi kabisa. Nilikuwa wa kwanza kushika mkanda wa barakoa. Sajini akivua, watu arobaini watavua. Kapteni alikuwa hatua thelathini kutoka kwangu, na sauti ya mtu aliyevaa barakoa haifiki popote. Akaivua yake.

"Msivue. Sajini, usivue. Iko chini, bado iko chini."

Alipita handaki lote akipaza sauti hivyo, akafika mwisho, akarudi, kwa sababu gesi ile hulala mahali pa chini hata jicho linapokuambia imekwisha. Watu arobaini na mmoja tulitoka na mapafu yetu. Yeye alitolewa kwenye machela, na midomo yake ilikuwa rangi ya zambarau.

Vita vilipokwisha alirithi cheo cha baba yake, akachaguliwa mbunge wa wakulima wa upande wa pili wa mto. Mimi nilichaguliwa miaka sita baadaye, kwa kura za wachimba makaa. Siku yangu ya kwanza tulikutana kwenye korido.

"Sajini," alisema.

"Kapteni," nikajibu.

Hatukuitana vingine tena. Kwa siasa hatukukubaliana hata jambo moja. Yeye aliamini mambo yalipangwa vizuri ila yanahitaji watu wema zaidi. Mimi niliamini watu wema tunao wa kutosha, kilichopangwa vibaya ni mambo. Alikuwa msemaji mbaya. Gesi ilimwachia sauti ya mkwaruzo isiyovuka benchi tatu, na kila aliposimama kuongea, watu wa upande wangu walimzomea: "Sauti! Hatusikii! Sauti!" Alisubiri watulie, akaanza upya, akazomewa tena. Mimi nilijua sauti yake aliiacha wapi. Ningeweza kusimama nikawaambia. Nilitazama viatu vyangu, na aibu ile ninayo hadi leo.

Tulichokubaliana ni liki. Kwetu kaskazini, mwanamume ambaye hajawahi kumpandia mkewe hata ua moja atalea vitunguu liki vinene kama mkono wake, na kuvibembeleza kuliko anavyobembeleza watoto. Kila Septemba ni mashindano kwenye baa. Kila mtu ana siri yake ya mbolea: bia iliyochacha, damu ya kondoo, kitu fulani ndani ya ndoo ambacho hukaribishwi kukinusa. Kapteni alipatwa na ugonjwa huo. Alishuka kilimani kila mwaka na liki zake ndani ya taulo, akapanga foleni nyuma ya wachimba makaa, na kila mwaka alishindwa na kaka yangu Amos.

"Unazilisha nini, Bulmer mkubwa?" alimuuliza mbele ya watu.

"Nazisomea hotuba zako, Kapteni. Zinalala vizuri."

Baa nzima ilicheka, na Kapteni alicheka mpaka akakohoa, akashika meza. Tangu hapo wakawa wanapelekeana miche kila masika. Nilimkumbusha Amos neno la Mama.

"Mimi siombi," alisema. "Nampa, ananipa. Wewe kichwa chako kigumu, Seth. Kigumu na hakina kazi."

Januari ya mwaka ninaousimulia, mapafu ya Kapteni yalikataa kabisa. Aliniita kwenye nyumba yao ya London, akaniomba tufungane.

"Kwetu wapo wengi wangekukubalia," nilimwambia.

"Kukubali wangekubali wengi. Ninatafuta atakayetimiza." Alinyoosha mkono juu ya blanketi. "Mpaka niinuke, au wanizike."

Nikaupokea. Nilijisikia nimepandishwa cheo, nikiwa na miaka arobaini na minne.

Mwezi Machi kikaja kifungu cha vumbi. Hakuna aliyekitegemea, mwenzetu mmoja alikichomeka kwenye muswada mwingine, na ghafla watu wa pande zote wakaanza kukiunga mkono. Kilikuwa na mistari minne. Kilisema kwamba vumbi la makaa huua kama paa linavyoua, na kwamba anayekufa nalo amekufa kazini, kwa hiyo alipwe fidia na mjane wake asitolewe nyumbani. Mpaka siku ile daktari wa mgodi aliandika pumu. Aliandika baridi ya kifua. Mtu wa miaka arobaini na minane aliandikiwa uzee.

Arobaini na minane ndiyo umri wa Amos. Tangu Novemba alikuwa halali kitandani. Alilala kwenye kiti, mbele ya moto, ameinamia mto uliowekwa juu ya meza. Alikohoa kitu cheusi. Mkewe Dinah alikuwa ameshaanza kufunga vyombo vya kabatini, kimyakimya, mume asione.

Kura ilipangwa Jumanne. Tom Raistrick alihesabu, akaja kuniambia kila mtu anahitajika. Jumapili nikaenda kwa Kapteni.

Nilikwenda kumwomba anifungue. Nalisema wazi, maana baadaye wako walionisifu eti nilisimamia ahadi. Nilikwenda kuomba. Ndani ya basi niliyarudiarudia maneno: Kapteni, Amos anakufa kwa vumbi, nifungue kwa kura hii moja. Ni maneno ambayo mtoto angeyasema.

Alikuwa ameegemezwa kwenye mito, amekonda. Mkewe, Bibi Wharram, aliweka sinia la chai katikati yetu akatuacha. Juu ya sinia palikuwa na birika, vikombe viwili, chupa ya dawa, na bahasha nyeupe iliyofungwa, isiyo na jina. Nilidhani ni ya daktari.

"Amos hajambo?" aliuliza. Kila maneno matatu alivuta pumzi.

"Hajambo, Kapteni."

"Liki zake?"

"Miche imeota vizuri."

Haikuwa imeota. Amos hakuotesha hata mbegu moja mwaka ule, kwa mara ya kwanza tangu vita viishe. Kapteni alinitazama kwa muda.

"Vizuri," alisema. "Nilisikia kifua kinamsumbua."

"Baridi tu. Kwetu mwezi wa tatu kila mtu anakohoa."

"Kila mtu." Alikohoa yeye, nikamshikia kikombe. Mkono wake ulikuwa mwepesi. "Na Bungeni? Kuna nini wiki hii?"

Hapo ndipo. Mlango ulikuwa wazi kabisa, na niliuona. Nilifungua mdomo, na kilichonijia si maneno ya kwenye basi bali sauti ya supu ikimwagika mtaroni, na uso wa Mama.

"Mambo ya kawaida," nilisema.

"Ya kawaida." Aliweka vidole vyake juu ya sinia, karibu na ile bahasha, akaviacha pale. "Hakuna kitu unachohitaji, Sajini?"

"Hakuna, Kapteni. Wewe pona tu."

Alifumba macho. Nilifikiri amesinzia, nikawa naitafuta kofia yangu, ndipo aliposema, "Haya basi." Wahenga husema mficha maradhi kilio kitamuumbua. Mimi nilificha ya kaka yangu kwa mtu pekee aliyekuwa na dawa, nikashuka ngazi huku nikijipongeza kwa kutoinama.

Ndiyo maana Jumanne nilikaa maktaba. Kengele iliponyamaza niliitoa mikono. Ilikuwa imekufa ganzi. Nikaenda kusimama nyuma ya wenzangu kusikiliza matokeo. Waliounga mkono, mia moja tisini na sita. Waliopinga, mia moja tisini na sita.

Watu walidhani wamesikia vibaya. Spika akasimama. Kura zikiwa sawa, ya Spika ndiyo huamua, na kwa desturi ya watu waliokufa zamani, Spika huiacha sheria ilivyokuwa. Alisema hivyo kwa upole, kwa sentensi moja, akaita shughuli inayofuata. Tom Raistrick aligeuka akanitafuta kwa macho, akanipata. Kisha akanipa mgongo, na jambo lile hajanitajia hadi leo.

Nilipanda treni kwenda nyumbani kumwambia Amos mwenyewe, asije akalisoma gazetini. Alikuwa kwenye kiti chake. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Ulimwomba?" aliuliza.

"Sikumwomba."

"Ulifika kwake, mkanywa chai, hukumwomba."

"Aliniuliza habari za liki zako."

Amos alikohoa muda mrefu. Dinah alikuja na bakuli, akaondoka nalo. Nilitaka anitukane. Ningelipa chochote anitukane.

"Mama aliimwaga ile supu, Seth," alisema. "Wewe bado umeibeba."

Kapteni alifariki siku ya tisa baada ya kura. Walimleta Hesleyburn, na nusu ya waliobeba jeneza walikuwa watu wa lile handaki, katika suti zao za Jumapili, wengine wakikohoa. Baada ya mazishi Bibi Wharram aliniita kando, karibu na ukuta wa kanisa. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye kusema kila kitu kwa sauti ileile moja. Alitoa ile bahasha kwenye mkoba.

"Hii ni yako," alisema. "Ilikuwa yako tangu Jumamosi ile."

Nilifungua. Ndani palikuwa na mstari mmoja kwa mwandiko unaotetemeka: *Sajini Bulmer amefunguliwa kwa kura ya kifungu cha vumbi. E. Wharram.* Tarehe ilikuwa ya Jumamosi, siku moja kabla sijaenda.

"Kwa nini hakunipa?" nilisema.

"Nilimwambia akupe. Akasema hawezi. Akikupa mwenyewe, amewasaliti wenzake wa chama. Rafiki akiomba ni jambo jingine, rafiki akiomba hanyimwi." Alifunga mkoba. "Ulipoondoka nilimuuliza. Akasema hukuomba. Jumatatu mchana kutwa alinituma dirishani. Alisema, 'Atarudi. Bulmer hawezi kumwacha kaka yake.'"

Upepo ulitaka kuichukua ile karatasi, nikaishika kwa mikono miwili. Nililia pale ukutani, mtu mzima, mbele ya mke wa Wharram, na yeye alisimama upande wa upepo ili watu wasinione.

Aprili mtunza bustani wa Jumba alishusha sanduku la miche, kama kila mwaka. Kapteni alikuwa ameiotesha nyuma ya kioo cha dirisha la chumba chake cha kuugulia. Amos hakuwa na mche hata mmoja wa kumrudishia. Nilichimba mtaro mimi, yeye akiwa kwenye kiti, amefunikwa blanketi, akinikosoa.

"Unachimba kaburi au unachimba mtaro? Punguza."

Alifariki mwezi wa Julai. Daktari aliandika baridi ya kifua. Dinah alipewa wiki mbili za kuhama, akaja kukaa kwangu na vyombo vyake vilivyokuwa vimeshafungwa. Sheria ya vumbi ilipita miaka mingi baadaye, kwa kura nyingi sana, na siku ile nilipita ukumbi wa kura na wenzangu, nikaona wanafurahi. Liki za mwaka ule aliokufa Amos zilioza ardhini. Sikuwa na moyo wa kuzing'oa, na hivyo hata mbegu sikupata.

Masika iliyofuata nilipanda kilima. Nilikuwa mbunge, ningeweza kugonga mlango wa mbele nikakaribishwa. Nikazunguka mpaka mlango wa jikoni, nikagonga, nikasubiri. Mpishi alinitambua, akaduwaa, akaenda kumwita Bibi Wharram. Alikuja mwenyewe, bado amevaa nyeusi.

"Bwana Bulmer. Kwa nini umesimama huku?"

"Nimekuja kuomba miche ya liki."

"Kubadilishana?"

"Sina cha kukupa, Bibi. Naomba tu."

Alinitazama. Kisha akaingia ndani, akarudi na miche kumi na miwili ndani ya gazeti lililoloweshwa, akaniwekea mikononi. Nilitazama saa ya ukuta wa jikoni juu ya bega lake. Kuomba kwenyewe hakukuwa kumechukua hata dakika moja.